Jicho la Sandton na Jicho la Yeoville

Mwaka 2017 mama yangu alikubali kuja kututembelea Johannesburg, nami nikakosa usingizi kwa furaha na hofu. Ndoa yangu hakuipenda. Mume wangu ni fundi cherehani kutoka Lubumbashi, na huko kwetu Tanga mama alishaambiwa kwamba wanaume wa ugenini hupiga wake zao. Akaniambia kwenye simu, "Mdomo wako utanidanganya. Nikifika nitakutazama macho, nijue kama unatunzwa."

Sasa macho yenyewe ndiyo hayo. Chini yake nina weusi tangu usichana wangu, hata nilale siku nzima, na ugenini umezidi.

Nikaanza kutafuta dawa. Shoga yangu Mkongo mwenye saluni mtaani kwa wageni, Yeoville, alinibandika vifuko vya chai ya kijani vilivyotoka kwenye friji, akaapa havijawahi kumwangusha. Kazini Sandton, mtaa wa matajiri, mwenzangu Mkenya akanielekeza kliniki anayokwenda yeye, wanakodunga sindano ya kujaza kibonde cha chini ya jicho. Mume wangu naye alikuwa na tiba yake ya bure: vijiko vilivyolala kwenye friza, kila asubuhi kabla ya chai. Nilimwacha aniwekee, lakini moyoni nilimcheka.

Mimi sinunui hata nyanya bila kulinganisha. Jicho la kulia nikawaachia Yeoville, la kushoto nikalipeleka Sandton. Daktari alitaka kudunga yote mawili, nikakataa: nione kwanza tofauti. Wanasema mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Kesho yake jicho la kushoto lilikuwa limevimba, rangi ya zambarau, na siku iliyofuata mama akatua.

Kwenye uwanja wa ndege alinikumbatia, kisha akanishika kidevu na kunigeuza kwenye mwanga. Akamtazama mume wangu, aliyesimama na maua yake mkononi.

"Mama, haiko miye," mume wangu akasema. "Ile ni sindano."

"Nani kakuuliza?" mama akajibu.

Nilicheka, nikajikuta nacheka peke yangu. Njia nzima mpaka nyumbani Troyeville nilieleza habari za kliniki, na kila nilivyozidi kueleza ndivyo nilivyosikika mwongo. Nani hulipia sindano ya jicho moja? Mama aliukumbatia mkoba mapajani, na usiku ule hakumwitikia mkwewe zaidi ya salamu.

Asubuhi mume wangu akaja sebuleni na vijiko vyake kama kawaida. Hakumwona mama, aliyekuwa amekaa kwenye kona nyuma ya mlango. Mimi nilikwisha kuinua uso na kufumba macho. Alikigusisha kijiko taratibu, akakiondoa, akauliza kama panauma, akajaribu tena pembeni kidogo. Nilipofumbua macho, mama alikuwa anatutazama, miwani mkononi. Chini ya macho yake palikuwa na weusi uleule wangu.

"Mkwe," akaita, mara ya kwanza kumwita hivyo. "Vimebaki?"

Mume wangu karibu ajikwae akikimbilia friza. Alirudi na viwili juu ya kisahani, akapiga goti, akamnyooshea kwa mikono miwili huku ameinamisha kichwa, maana mama mkwe haguswi. Mama akajiwekea mwenyewe, akaegemea kochi.

"Weusi huu nimeurithi kwa mama yangu," akasema. "Maisha yangu yote hakuna aliyewahi kuniletea kijiko."

Nikalia kwa furaha, na jicho la Sandton likaniwasha vibaya sana.