Muhuri Umempa Ubaba Mtu Aliyenitupa

Barua hii imetoka kwa msichana wa Karagwe. Jina tumelificha kama alivyotuomba, hasira zake tumeziacha zilivyo.

Shikamooni wakubwa, wenzangu hamjambo. Mimi ni msichana wa miaka kumi na tisa, wa kwanza kwa mama yangu, tunaishi Kanoni kwenye kibanja cha migomba na mibuni. Nawaandikia nikiwa na hasira, mnisamehe mwandiko.

Nimepata nafasi ya kusomea ukunga Uganda, kwenye chuo cha misheni. Kwa kuwa natoka nchi nyingine, wanataka cheti changu cha ubatizo pamoja na maelezo ya baba aliyenilea, yagongwe muhuri wa baraza la mkuu wetu, kisha nikaape kwa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, kule Bukoba kwamba yote ni kweli. Nikasema, hilo tu? Baba ninaye!

Huyo baba ninayemwita Tata ndiye aliyemwoa mama nikiwa natambaa. Alinibeba mgongoni hadi hospitali ya misheni nilipokuwa nawaka homa, na ndiye aliyegombana na ndugu zake waliosema msichana hasomeshwi. Siku zote akiulizwa watoto wake, mimi ndiye wa kwanza kutajwa. Lakini nilibatizwa kabla hajamwoa mama, na cheti kina jina la yule aliyenizaa, bwana mmoja wa Kimuli aliyemwacha mama na uchungu wake. Tangu hapo hata mkungu mmoja wa ndizi hajawahi kuniletea.

Tulipofika barazani, karani akatazama cheti, akamtazama Tata. "Mzee, wewe siye huyu. Aliyeandikwa ndiye anayetakiwa kutia dole gumba."

"Lakini mtoto nimemlea mimi, bwana," Tata akasema.

"Sikukatalii, mzee. Ila karatasi haikujui."

Basi mama akatuma watu Kimuli. Na huyo bwana akaja! Miaka yote njia ilikuwa imemshinda, siku hiyo alifika asubuhi na mapema, kanzu imepigwa pasi, anacheka na kila mtu. Tata alikuwa amekaa benchi la nyuma, kofia mapajani. Karani akauliza, "Binti huyu amelelewa na nani?"

Yule bwana akajibu kwa macho makavu: "Na mimi. Nani mwingine angemlea?"

Jamani! Watu waligeuka wote kumtazama Tata. Nikasimama niseme, mama akanivuta khanga nikarudi chini puu. "Nyamaza," akaninong'oneza, "unataka chuo au hutaki?" Dole likatiwa, muhuri ukagongwa, karani akapuliza wino ukauke.

Mngedhani ameridhika. Wapi! Tulipotoka nje alinishika bega mbele ya Tata, akasema, "Sasa serikali imeshajua wewe ni wa nani. Ukimaliza huo ukunga, posa ije Kimuli, na mahari ni yangu." Nikamwambia aondoe mkono wake. Akacheka, ati nina hasira kama za mama yake. Mama yake mwenyewe simjui hata kwa sura!

Mama ananiambia nisiwe mjinga, nikaape upesi kabla nafasi haijapewa mwingine. Karani naye ameshasema maelezo yakibadilishwa tunaanza upya, na chuo kinafunguliwa mwezi ujao. Tata nilipomuuliza alisema tu, "Nenda ukaape, mwanangu, usiache shule kwa ajili yangu," akachukua panga akaenda kwenye migomba. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mbona barazani hakuna aliyeikumbuka?

Ningeweza kujikaza nikaape, potelea mbali. Lakini Jumapili iliyopita, tulipotoka kanisani, mgeni mmoja wa kutoka Muleba alimsalimia Tata akamuuliza, "Na huyu binti mkubwa ni wako?" Tata alinitazama kidogo, kisha akatazama chini. Akasema, "Ni mtoto wa mke wangu."

Sijawahi kumsikia akisema hivyo tangu nipate akili. Nilitembea mbele peke yangu mpaka nyumbani, na chakula sikukigusa.

Jumatatu ijayo natakiwa Bukoba. Nikikataa kuapa, ukunga basi, nitabaki hapa kuchambua buni hadi niolewe. Nikiapa, nitakuwa nimeshika Biblia nikasema mbele ya Bwana Shauri kwamba aliyenilea ni yule, na Tata hakuwepo. Nisaidieni mawazo, hasa ninyi mliolelewa na mtu ambaye jina lake halimo kwenye cheti chenu. Mngekuwa mimi, mngeapa?