Nati za Gari la Mkunga

Mama Gereji alipoziona nati kwenye gari la mkunga, damu ilimchemka. Rimu zilikuwa mpya, za aloi, matundu yake yamechongwa kama faneli. Shemeji yake alikuwa amezifungia nati za rimu za zamani, zenye kitako bapa, zikashika ukingoni tu. Siku mbili barabarani zingelegea, na gurudumu lingechomoka.

"Shemeji, hizi nini?"

"Nati, shemeji. Zimeingia, na nimezikaza mpaka spana ikalia."

"Kuingia si kukaa! Hata mguu wako unaingia kwenye ndoo."

Mafundi wakaangua kicheko. Shemeji akamsogelea, akanong'ona, "Tubadilishe kimyakimya. Mwenye gari yuko pale kwenye benchi. Akisikia, tumeumbuka."

Hapo ndipo hasira ilipofurika. Marehemu mumewe alimfundisha kila fundi kuzungusha nati kwa vidole kwanza, aone imekaa, ndipo ashike spana. Leo ndugu wa marehemu, wa tumbo moja, anapuuza, kisha anataka kuficha!

"Dada, njoo," alimwita mkunga kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Tumekufungia nati zisizofaa. Huyu atazifungua zote mbele yako, akufungie zenye ncha ya koni."

Mkunga alitazama, akamgeukia shemeji. "Umewafungia wangapi hivi?"

Shemeji akainamisha kichwa, akaanza kuzifungua nati.

Mama Gereji akachukua simu, akaanza kuwapigia wateja wa wiki ile, mmoja baada ya mwingine.