Hundi Mbili na Uso wa Mama Mkwe

Mimi sina subira, na hata ile kidogo niliyojaliwa niliiacha nyumbani Kenyamonta siku ile. Mke wangu alikuwa amevuka mpaka kununua bidhaa za duka lake, mabeseni na sahani za plastiki, akaanguka sokoni upande wa Kenya kwa maumivu ya tumbo. Mwenzake wa biashara alinipigia simu asubuhi nikiwa navaa viatu.

"Shemeji, ni kidole tumbo. Wanataka kumpasua leo leo, lakini hawamwingizi bila hela ya kuanzia. Kuja na hela ya Kenya. Wanasema kikipasukia ndani ni hatari."

Hela sikuwa nayo. Mimi ni afisa mifugo, na mshahara ulikuwa bado uko mbali. Niliowapigia simu wote walianza kunisimulia shida zao kabla sijamaliza yangu. Nilichokuwa nacho ni hundi mbili za wasafiri, za dola mia mia, zilizobaki tangu niliporudi kwenye kozi ya magonjwa ya ng'ombe huko Ulaya. Niliziweka ndani ya Biblia na kuwaonyesha wageni, nijisifu kidogo. Hundi hizi zina masharti. Unasaini siku unayopewa, kisha unasaini tena siku ya kuzibadilisha, mbele ya karani, naye anakuangalia mkono na uso. Saini zikilingana ndipo anakupa fedha za nchi uliyopo.

Nilikodi bodaboda. Tukavuka Mto Mara, tukapita Nyakunguru penye vumbi la wachimba dhahabu, na njia nzima nilikuwa namgombeza dereva, mara aongeze mwendo, mara asituue. Tarime, karani wa benki alizigeuza zile hundi, akamwita mwenzake aje azione, wakacheka. Siku hizi hawazipokei, akasema, ila upande wa pili kuna benki moja bado wanazo taratibu zake. Niliondoka bila kuaga. Sirari, mpakani, nikagongewa pasipoti, na nilipoingia katika benki hiyo ilikuwa imebaki chini ya saa moja wafunge.

Kwenye foleni simu iliita. "Daktari anauliza," akasema yule mwenzake. Nikamjibu kwa ukali ambao hakustahili, na mpaka leo naona aibu.

Dirisha la fedha za kigeni lilikuwa moja, na nyuma ya kioo alikaa mama mmoja mwenye miwani, ameinamia makaratasi. "Lete pasipoti," akasema.

Ile sauti niliijua. Nilipoenda kuposa, sauti ile ile ilitoka nyuma ya ukuta wa jikoni ikikataa ng'ombe wangu wawili kwa sababu ya pembe. Ni mdogo wa mama mkwe wangu, aliyeolewa Kenya. Uso wake sikuwahi kuuona, na sikutakiwa kuuona. Kwetu sisi Wakurya, mwanamume hatazamani uso kwa uso na mama mkwe wake, na dada za mama mkwe nao ni mama wakwe vile vile. Ukimwona njiani unapita porini. Lakini benki haina pori.

Nikashusha kofia mpaka kwenye nyusi, nikageuza uso ukutani, nikasukuma pasipoti na hundi chini ya kioo.

"Saini hapa."

Nikasaini huku nikiangalia tangazo la mikopo. Akazilinganisha saini.

"Hii saini si hiyo. Ebu toa kofia, niangalie."

Sikutoa.

"Unaficha uso ya nini? Hizi hundi umezitoa wapi?" Akapaza sauti. "Askari! Kuja hapa."

Askari alikuja na rungu lake, akanishika bega. "Mura, kijana, umeambiwa toa kofia." Foleni nzima ikanigeukia. Nilikuwa naiona saa ya ukutani, namfikiria mke wangu kwenye kitanda cha watu, na hapa naonekana mwizi kwa sababu ya adabu. Nilikasirika. Niliikasirikia benki, mila na wale ng'ombe wenye pembe mbaya, na kwa hasira hiyo hiyo nikasema kwa Kikurya, bado nimekabili ukuta, kwamba mimi ndiye niliyemwoa binti wa dada yake.

Nilisikia kiti kikigeuka kwa kasi nyuma ya kioo. Nikajua naye amenipa mgongo. Askari, ambaye alikuwa Mkurya vile vile, aliniachia bega akarudi nyuma hatua mbili, akawa anaangalia sakafu.

"Mkwe," akasema kwa sauti nyingine kabisa, "umekuja huku kufanya nini?"

"Mwanao yuko hospitali hapa hapa mjini. Wanataka kumpasua tumbo, na wanangoja hela hii."

Nikasikia akivuta pumzi kama mtu anayejitwisha ndoo.

"Ile ya kwanza umeiharibu. Imebaki moja, na lazima nikuone ukisaini." Kiti kikageuka tena. "Mambo ya mila tutayatafutia mbuzi wa kuyasafisha. Inua uso, mwanangu. Niangalie."

Nikavua kofia, nikainua uso.

Nilikuwa nimejiandaa kwa aibu. Sikujiandaa kwa kile nilichokiona. Alikuwa mke wangu: paji lile lile, mwanya ule ule, jicho la kushoto linalofumba kidogo anapozuia machozi, isipokuwa nywele zilikuwa nyeupe na mashavu yameshuka. Tangu asubuhi nilikuwa nakimbizana na wazo moja ambalo sikuthubutu kulitamka, kwamba huenda nisimkute hai, na sasa nilikuwa namwangalia amezeeka. Nilisaini bila kuangalia kalamu, na saini ikatoka sawasawa.

Alihesabu shilingi za Kenya, kisha akafungua mkoba wake na kuongeza noti zake mwenyewe juu yake, akaziweka zote mezani ili tusigusane mikono. "Kimbia," akasema.

Nilikimbia. Wakampasua jioni ile ile, na kidole tumbo kilikuwa hakijapasuka. Mbuzi nilimpeleka mwezi uliofuata, dume lenye pembe nzuri, na sijamwangalia tena mama yule.

Sina haja. Juzi mke wangu alikuwa anapepeta mahindi uani, nikaona nywele nyeupe tatu juu ya sikio lake. Akaniuliza nacheka nini. Nikamwambia aendelee tu kuzeeka, mimi mwisho wake nimeshauona, na ni mzuri.