Koti Ndani ya Godoro

Mjukuu wangu Redio hajawahi kuona paka mmoja akasema mmoja. Kwake paka huwa saba, na wa mwisho ana mkia wa moto. Ugonjwa huo kautoa kwangu, sikatai, ila mimi huwadanganya majirani tukichambua mchele. Yeye alidanganya mbele ya mkaguzi wa serikali.

Alikuwa mshonaji wa kiwanda cha magodoro. Akaona kwa macho yake wanajaza takataka zilizosagwa, juu wanatandaza sponji nyembamba kama chapati, halafu lebo inasema sponji tupu. Akaenda kushtaki. Kiwanda kikamsimamisha: alete ushahidi, la sivyo kazi imeota mbawa.

Ushahidi alikuwa nao. Aliingia kikao cha mameneja simu ikirekodi mfukoni. Lakini nani amewahi kumwona Redio kanyamaza? Tulipoisikiliza, saa nzima anaongea yeye. Mameneja wanasikika wakikohoa.

Ndipo mkaguzi akaja nyumbani kuchukua maelezo, mama mpole mwenye miwani. Nikamkalisha kitandani kwangu, maana kiti chetu kimevunjika mguu.

"Walikuwa wanasaga nini?" akauliza.

"Matambara na ndala kuukuu," akasema Redio. Hapo angefunga mdomo, mambo yangekwisha. "Na matairi. Na mamba."

"Mamba?"

"Mdogo."

Mkaguzi akafunga daftari.

"Mume wangu," nikamwambia Redio, "mpunguzie mama mkia, labda ataandika kichwa."

"Bibi, usiniharibie."

"Kwani kimebaki cha kuharibu?"

Mkaguzi akainuka, kashika kiuno. "Bibi, humu mna nini? Kuna kitu kinanichoma."

"Godoro la kiwandani kwake. Aliniletea kabla hajajua wanajaza nini. Mimi nimezoea, nalalia ubavu wa kushoto."

Akaomba ruhusa kulipasua. Kisu cha jikoni nikamletea mwenyewe. Vikatoka vipande vya ndala, nyuzi za magunia, mshikio wa ndoo, halafu nusu ya koti la kazi la buluu. Redio akaanza kukagua dari. Mfukoni mwa koti mlikuwa na kitambulisho. Kusoma sijui, ila uso ule niliubeba mgongoni mwaka mzima.

"Koti hili si uliporwa na majambazi saba wenye bunduki?" nikamwuliza.

"Hao walichukua koti jingine, Bibi."

Kumbe alilisahau juu ya rundo la takataka, mashine ikalitafuna nusu. Mkaguzi akafungua tena daftari, akaandika kila kilicholala sakafuni, na mdomo wa Redio hakuuandika kabisa. Ndiyo maana kesi akashinda na kazi akarudishiwa.

Siku hizi anasimulia alivyolipasua godoro kwa meno, mamba akatoka anapiga chafya. Mimi nalala mkekani, kwani godoro lilichukuliwa liwe ushahidi. Ameniahidi magodoro tisa mapya. Kwa hiyo nasubiri moja.