Kuku wa Mama, Mbwa wa Dunguni

Mama yangu alikubali kuhama Mahenge na kuja kukaa kwangu Ifakara kwa sharti moja tu: kuku wake waje naye. Alikuwa ameanguka mara mbili akienda kuchota maji, macho yake yamefifia, na pale nyumbani alikuwa amebaki peke yake. Nilimbembeleza miaka miwili. Siku aliposema "haya," sikuuliza kuku ni wangapi. Angeniambia ng'ombe, ningepokea ng'ombe.

Alishuka kwenye basi amekumbatia tenga la mianzi, ndani yake majike watano na jogoo mmoja. Kuku hao ni uzao wa jike ambaye mama alipewa na mama yake alipoolewa, na tangu siku hiyo hajawahi kununua kuku sokoni. Anawajua kwa sauti, mmoja mmoja. Jike mwekundu ndiye kipenzi chake. Yule, alisema, analia kama mtu anayegombana na mume.

Mimi kwa upande wangu nilikuwa na mbwa. Sikuwahi kumpa jina, namwita "Wewe," naye anajua ni yeye. Nilimlea shambani kwangu Idete, dunguni. Sisi wa bondeni mpunga ukianza kutoa masuke tunahamia shamba. Unajenga dungu, kibanda juu ya miti mirefu, unakaa humo unaamia ndege wasile mpunga mpaka mavuno, maana ukizubaa asubuhi moja tu, kwelea wanakula mwaka mzima wa jasho lako. Misimu miwili nilikaa pale na yule mbwa. Kazi yetu ilikuwa rahisi: napiga debe, yeye anachomoka mbio kuzunguka majaruba akibweka, ndege wanaruka. Siku moja alirudi na kwale mdomoni. Nilimpigia makofi mpaka viganja vikauma, nikampa kichwa kizima cha kambale. Kumbuka hilo, maana mimi nililisahau.

Basi, mama alifika mwanzoni mwa mwezi wa mavuno. Uani nilikuwa nimeanika mpunga kwenye turubai, ukauke kabla ya kwenda mashineni. Kuku wa mama hawakuwa na haya hata kidogo. Walipanda turubai kama wamealikwa. Mimi nikiwa jikoni, nikisikia kwa-kwa-kwa kwenye mpunga, nilikuwa nachukua debe langu na mwiko, naligonga mlangoni, kisha narudi kwenye sufuria yangu bila hata kuchungulia.

Siku ya nne nikasikia mama akipiga yowe. Nilitoka na mwiko mkononi. Mbwa alikuwa amesimama katikati ya ua, jike mmoja mweupe ananing'inia mdomoni mwake, na mkia wake unatikisika. Loo! Nilivyompiga! Nilimpiga kwa fimbo, nikampiga kwa kandambili, naye alilala chini akinitazama tu. Mama alikaa kwenye kigoda chake na yule kuku mapajani. Alikuwa akimlaza manyoya, moja moja.

Siku iliyofuata nilisikiliza ushauri wa kila mtu. Nilimfunga mbwa shingoni ule mzoga wa kuku kutwa nzima, kama wanavyofanya wengi huku. Nilipaka pilipili kichaa kwenye manyoya nikamsogezea puani. Nikamfunga kamba kwenye nguzo ya jiko. Nikajisifu kwamba nimemaliza. Wiki haikuisha, alikata kamba akaua wa pili.

Hapo mama alizungumza. Alianza kwa Kiswahili, akahamia Kipogoro, na mama akihamia Kipogoro ujue mambo yameharibika. Alisema mbwa akishaonja damu ya kuku haachi. Alisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi nilikuwa nikimdekeza yule mnyama tangu shamba. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliyoniuma: "Mwanangu, chagua. Mbwa aondoke, au mimi nirudi kwangu na hawa waliobaki. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi."

Nilijua maana yake. Kule kwake kulikuwa na ile njia ya kisimani yenye mawe, na yeye haoni vizuri. Nilijua pia mbwa aliyeua kuku hakuna anayemchukua, labda mwenye sumu. Watu wenye akili wangemaliza jambo siku hiyohiyo. Mimi ni mbishi, nimezaliwa hivyo. Nilisema moyoni: hakuna anayeondoka hapa. Si mama, si kuku, si mbwa. Watakaa wote, wapende wasipende.

Aliyenifumbua macho ni jirani yangu mwenye duka, ng'ambo ya barabara. Ni Mwislamu, baba yake alikuja huku kutoka pwani kufanya biashara, na mbwa hamgusi wala hapendi amkaribie. Ananiita shemeji kwa sababu mke wake na mimi tunaitana dada. Nilikwenda kununua kamba nyingine, nene zaidi. Hakuinuka kuitafuta.

"Shemeji," alisema, "hiyo kamba ya kumfunga nani?"

"Si huyo muuaji wangu."

"Mimi kutwa niko hapa kwenye benchi, ua wako nauona wote. Huyo mbwa analala na kuku wanapita mbele ya pua yake, hana habari nao. Mpaka wewe upige debe. Ukipiga debe, anainuka. Mara ya kwanza nilidhani macho yangu yananidanganya. Mara ya pili kamba ilikatika debe likilia." Akacheka. "Sasa niambie nani afungwe."

Nilisimama pale dukani. Dungu lote lilinirudia, masuke, kwelea, yule kwale, kichwa cha kambale. Mungu wangu! Mbwa alikuwa akifanya kazi niliyomfundisha kwa mkono wangu mwenyewe. Mpunga, ndege juu yake, debe linalia: angefanya nini kingine? Na nilipokuwa nikimpiga, alikuwa akingoja makofi. Nyani haoni kundule, na siku ile mimi nilikuwa nyani mkubwa kuliko wote Ifakara. Niliondoka bila kamba.

Nilimwambia mama palepale, sikutaka kulala na lile jambo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo aliyeua kuku wangu ni wewe."

"Ni mimi, mama."

"Basi ungefungwa wewe ule mzoga shingoni." Nilidhani atacheka, hakucheka. "Lakini mbwa damu ameshaonja. Mwisho wa mwezi uko palepale."

Nililichukua lile debe nikalitupa nyuma ya jiko, kwenye majani makavu ya migomba. Nikaanza kazi. Kila asubuhi nilimfunga mbwa kiunoni kwangu kwa kipande cha kitenge, nikamwaga pumba, tukasimama pamoja katikati ya kuku. Akigeuza shingo kumtazama kuku, namvuta. Akitulia, dagaa mmoja. Akigeuza, namvuta. Majirani walipita wakicheka, wengine wakiuliza kama nimeolewa tena. Niliwajibu ndiyo, na huyu haninyimi usingizi. Mpunga niliuanika kidogo kidogo na kuketi pembeni yake na ufito, nikifukuza kuku kimyakimya kama mtu aliyeko kanisani. Mgongo uliniuma. Dagaa waliisha nikanunua wengine. Siku ya kumi nilimfungua kitenge. Alikwenda akalala nyuma ya jiko. Kesho yake vilevile, na kesho yake.

Mama hakuamini. Alikuwa amepata kesi mpya: jike mwekundu hatagi. "Zamani alitaga kila siku," alisema. "Mayai yanakwenda wapi? Huyo mbwa wako anashinda huko nyuma anafanya nini?" Nilimtetea kadiri ya uwezo wangu, lakini mayai kweli hayakuonekana. Mbwa alitoka kule nyuma wakati wa kula tu, akala haraka, akarudi.

Mwezi ukaisha. Mama ni mtu wa neno lake. Asubuhi alikuwa amevaa kitenge chake cha safari, kamkoba kake kako mlangoni, tenga liko wazi. Nilijaribu maneno yote niliyokuwa nayo. Nilimwambia atanivunja moyo. Akasema moyo unapona, kuku aliyekufa hafufuki. Nikashika jogoo nikamtia tengani. Nikashika majike wawili. Jike mwekundu hakuwepo.

Tulimwita. Mama alimwita kwa sauti yake ile ya kumwaga mahindi, na kuku yule hajawahi kukataa sauti ile. Kimya. Mama akanigeukia.

"Mbwa yuko wapi?"

Nilitangulia kwenda nyuma ya jiko, mama amenishika bega, na kila hatua nilikuwa nasali Salamu Maria bila kufika mwisho. Mbwa alikuwa amelala kwenye majani ya migomba, miguu ya mbele imenyooshwa, kichwa kimeelekezwa kwenye debe langu lililolala ubavu. Aliniona akatikisa mkia, hakuinuka. Manyoya mekundu yalionekana mdomoni mwa debe.

Kisha debe likalalamika, kama mtu anayegombana na mume.

Mama aliniachia bega. Alipiga magoti, akapapasa, mkono wake ukapita juu ya kichwa cha mbwa kwanza, ukasimama hapo kidogo, ukaendelea mpaka ndani ya debe. Jike alimdonoa. Mama hakuutoa mkono. Nilimwona midomo ikihesabu.

"Kumi na moja," alisema. "Na ya moto yote."

Jike alikuwa ameyaficha mayai yake mle, siku baada ya siku, na mbwa alikuwa akilala pembeni ya debe lake kama alivyolala nalo misimu miwili, akingoja limwite kazini. Kuku alipita mbele ya pua yake kila asubuhi kwenda kutaga. Hakuna aliyemfunga kamba.

Mama alikaa pale chini, mkono bado uko ndani ya debe. Mimi nilisimama nikiwa na machozi, sikuyafuta. Mwishowe nikauliza, maana basi lilikuwa karibu kuondoka, "Sasa mama, tunafanyaje?"

"Wewe umekulia wapi?" aliniuliza kwa hasira. "Kuku aliyeatamia anahamishwa? Siku ishirini na moja. Nenda kafungue tenga."

Nilikwenda nikafungua. Hayo yalikuwa mavuno ya mwaka juzi. Tangu siku ile, mama anahakikisha daima yupo kuku mmoja anayeatamia.