Mabango ya Kocha Nelda

Nelda Silveira hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Alikulia kati ya ng'ombe wa maziwa katika bonde la California, akamzika mume, akauza ng'ombe, akabaki na kazi moja aliyoifanya bila malipo: kuwafundisha vijana wa sekondari kupiga kwa bunduki visahani vya udongo vinavyorushwa angani. Kila mwaka alibandika mabango mjini kuwaalika wapya. Safari hii bango lilimwonyesha mjukuu wake Corrine, bunduki begani, anacheka.

Ndipo ikapita sheria ya jimbo: marufuku kutangaza silaha kwa namna inayowavutia watoto. Ilisemekana imewalenga watengenezaji wa bunduki, lakini maneno yake yalikuwa mapana. Wakili wa chama cha makocha wa ulengaji akampigia simu.

"Umebandika mangapi, mama?"

"Mengi. Popote penye ukuta."

"Yabandue leo. Kila nakala inaweza kuwa kosa peke yake, na faini yake moja tu itakulazimu uuze nyumba."

"Mimi siuzi bunduki. Nafundisha watoto wasijipige miguu."

"Mimi najua. Hakimu ndiye sina hakika naye."

Alizunguka mji mzima akibandua, kucha zikimuuma, akitazama nyuma kama mwizi. Katika duka la chakula cha mifugo, mwenye duka, Wendell Borba, alimtikisia kichwa.

"Umechelewa, Nelda. Asubuhi kuna mtu kalipiga picha bango lako. Hakusema neno."

"Mtu gani?"

"Simjui. Shati limenyooshwa kwa pasi."

"Katika mji huu wa wafugaji? Siku ya kazi?"

"Ndiyo maana nakwambia. Huenda katumwa na serikali."

Alirudi nyumbani, akaanza kufuta picha za timu mtandaoni, miaka kwa miaka: watoto wenye medali, wengine sasa wana watoto wao. Alipofika kwenye picha ya Rui, mwanafunzi wake aliyekufa vitani, mkono ulisita. Mama yake Rui huitazama picha ile kila Krismasi. Akaifuta. Kisha akavuta mapazia, akakaa akisikiliza magari, na kila lililopunguza mwendo lilimkata pumzi.

Jumamosi alikwenda uwanjani kuifungia ghalani mashine ya kurushia visahani. Gari likasimama. Akashuka mwanamume mwenye shati lililonyooshwa, na binti wa miaka kama kumi na sita.

"Wewe ndiye Kocha Nelda?"

"Hapana. Hapa hakuna timu."

Binti akamtazama. "Bibi, kofia yako imeandikwa 'Kocha'."

Nelda akaivua, akaificha nyuma ya mgongo. Mwanamume akaona haya kwa niaba yake.

"Samahani. Binti yangu alitaka kujiunga. Nililiona bango dukani, nikalipiga picha nimwonyeshe."

Alitamani kuwaamini. Lakini je, kama wanaotumwa kupeleleza huja na watoto? Aliwageuzia mgongo, akaendelea na mashine yake mpaka gari lao likaondoka na vumbi likatua.

Kabla ya majani kupukutika wabunge waliirekebisha sheria, wakayaondoa mafunzo kama yake katika marufuku. Wakili alicheka kwenye simu. Nelda hakucheka. Alimuuliza Wendell, Wendell akauliza wengine, ikajulikana kwamba yule bwana ni karani mpya wa benki, Amrik Dhaliwal. Nelda akaenda kugonga mlango wake.

"Nilikudanganya," akasema. "Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Wewe."

Bwana Dhaliwal alijitazama kuanzia shati hadi viatu, akashindwa kuzuia kicheko. "Nyumbani kwangu hata paka haniogopi. Ingia, mama, unywe chai."

Binti yake, Simran, alianza mazoezi Jumamosi iliyofuata, na akawa mlengaji wa wastani tu, ila hakosi siku ya mazoezi. Mabango yamerudi, maandishi matupu, bila sura ya mtoto yeyote. Wakili amemhakikishia kwamba picha haina tatizo. Nelda humwitikia ndiyo, ndiyo, na bado gari geni likipunguza mwendo nje huuzima moto chini ya sufuria, akasimama jikoni akisikiliza mpaka lipite.