Mzigo Mwepesi wa Kwenda Ilula

Mume wangu Zakayo alipofariki mwaka juzi, wadogo zake kule Ilula walikaa kikao wakaona nisiachwe peke yangu Mbeya. Hatukujaliwa mtoto, na mimi ni fundi cherehani tu wa mtaa wa Soweto. Walisema nihamie kwao, nipewe kipande cha shamba la nyanya, niishi karibu na mama mkwe. Walisema kwa upendo, na ndiyo maana nilishindwa kuwajibu kwenye simu. Sikutaka kuhama. Nyumba ile tuliijenga wawili, tofali kwa tofali, na wateja wangu wako pale. Uamuzi wa mwisho waliuacha kwa mama mkwe, naye akasema maneno mawili tu: "Aje tuongee."

Nikaamua kwenda kwa baiskeli. Si kwamba mabasi yameisha. Nilitaka anione nimefika kwa nguvu zangu, kila ninachohitaji nimekibeba mwenyewe, ili nisihangaike kumweleza kwamba naweza kusimama peke yangu.

Siku ya kufungasha, meza yangu ya kukatia vitambaa iligeuka soko. Jirani yangu, Mama Neema, alikuja kuaga akabaki kunisaidia, yaani kuongeza vitu. Yeye analeta blanketi, mimi natoa. Analeta chupa ya chai, natoa.

"Sasa huko njiani utakunywa nini, umande?" aliniuliza.

Nilikuwa nimejiwekea sheria moja: kitu chenye kazi moja kinabaki nyumbani, labda kiwe cha kutengeneza baiskeli. Kwa hiyo pampu, viraka, gundi, tyubu ya akiba na spana vilipita bila mjadala. Sufuria ilipita kwa sababu kifuniko chake ni sahani. Khanga mbili zilipita kwa heshima zote, maana khanga ni taulo, ni shuka, ni pazia la kuogea, na jua likiwaka ni kilemba. Kisha nikaivunja sheria kidogo kwa vya kulala na kula: nikaweka hema dogo, begi la kulalia, jiko la gesi la kukaa kiganjani, koti la mvua, sweta, unga, dagaa na chumvi. Mifuko ya kuning'iniza ubavuni niliishona mwenyewe kwa turubai kuukuu la lori. Vizito nilivishusha chini karibu na ekseli, vyepesi juu. Kisha nikainua baiskeli kwa mkono mmoja, ikakubali kunyanyuka. Viatu vya kanisani vikabaki, ingawa Mama Neema aliviangalia kwa huruma.

Alfajiri, Uyole. Ukungu ulikuwa umelala barabarani na malori ya Tunduma yalinipita yakiwa taa tupu, bila miili. Baridi ya mwezi wa saba iliniingia mikononi nikajuta kusahau glavu. Baada ya Inyala barabara ikaanza kushuka, na mimi nikaacha kukanyaga. Sijui kama niliwahi kuwa kimya vile tangu msiba. Magurudumu yalikuwa yanaimba wimbo mmoja usiokwisha, milima inarudi nyuma polepole, na kuna mahali nilimsikia Zakayo nyuma yangu akibadilisha gia, kama tulipokuwa tukiendesha wawili. Sikugeuka. Nilijua hayupo, lakini sikuona sababu ya kuhakikisha.

Igurusi, kisha Chimala. Joto lilipanda, sweta likaingia mfukoni. Uwanda wa Usangu ulifunguka mkono wa kushoto, mpana na wa rangi ya majani makavu, na mbali kabisa kulikuwa na vumbi la ng'ombe lisilosogea. Kila niliposimama kununua maji watu walikipima kimzigo changu kwa macho. "Hako tu ndiko unasafiria nako?" Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wangeipandisha wao ile baiskeli kilima kimoja tu, ningewasikia.

Jioni, karibu na Igawa, niliomba pa kulala kwenye boma la familia ya Kisukuma, wafugaji waliohamia huku zamani. Mwenye mji alikuwa machungani. Mkewe, Mama Masanja, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, alinionyesha sehemu tambarare karibu na ghala. Nilisimamisha hema langu haraka, na kwa kuwa sikutaka kumsumbua mtu nikawasha jiko langu, nikabandika sufuria. Nilijiona mgeni mwenye adabu kuliko wote waliowahi kupita pale.

Mama Masanja alikuja akasimama, akaangalia ule moto mdogo wa bluu.

"Dada, tumekukosea?"

"Hapana, mama. Sitaki tu kuwasumbua."

"Maziwa yapo, ugali upo. Wewe unapika nje ya mlango wangu. Mume wangu akirudi nitamwambia nini? Kwamba mgeni ametuogopa?"

 Akaongea taratibu, bila hasira.

"Mtu anawasha moto wake akiwa kwake. Leo huna kwako, una sisi. Zima."

Nilizima. Nilikula ugali na maziwa ya mgando kwenye sahani yao, na watoto wakalala ndani ya hema langu wakicheka. Mimi nililala chumbani na mama yao, kwenye kitanda cha kamba, nikiwa na aibu na usingizi mzito. Asubuhi hakutaka shukrani. Alinijazia chupa ya maji akaniambia nipite salama.

Kutoka Igawa ni kupanda. Nilikanyaga, nilisukuma, nilikaa, nikasukuma tena, na mchana ukapita hivyo. Makambako upepo ulinipokea kwa kofi. Pale koti la mvua lilinifaa bila mvua, na nikalala nyumba ya wageni nikiwa nimevaa kila nilichobeba. Blanketi la Mama Neema nililikumbuka kwa majina yote mazuri.

Mafinga. Misonobari imesimama pande zote mbili, mistari inayofunguka na kufungika unapopita, na hewa ina harufu ya mbao mbichi. Niliendesha muda mrefu bila kuwaza neno lolote. Mwanga ulikuwa unashuka katikati ya miti vipande vipande, ukinipita usoni, giza, mwanga, giza, hadi nikahisi si mimi ninayekwenda bali ni msitu unaovutwa taratibu kunipita. Nilikuwa na furaha, nikashtuka kuiona.

Iringa sikupanda mjini. Nililala chini, Ipogoro, na kesho yake mchana niliingia Ilula, katikati ya ndoo za nyanya na vitunguu vilivyopangwa kando ya lami, wauzaji wakilikimbilia kila basi linalopunguza mwendo.

Mama mkwe alikuwa uani anachambua maharage. Ni mwanamke mfupi, Mkatoliki wa rozari shingoni, asiyepoteza maneno.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Na hii baiskeli umetoka nayo Mbeya yote?"

"Yote, mama."

Baada ya kula aliniomba nimwonyeshe nilichobeba. Hii ndiyo saa niliyoisubiri. Nilitandaza vitu vyangu kwenye mkeka, kimoja kimoja, na yeye akauliza kwa makini. Hiki cha nini? Cha kulalia, mama. Na hiki? Cha kupikia. Na hii? Ya kuzibia pancha. Nilijibu kwa majivuno, nikizidi kunyooka mgongo.

Alimaliza kuuliza. Akaigusa kona ya hema kwa kidole.

"Basi huhitaji mtu," alisema.

Nilikuwa nimeshinda. Niliona nimeshinda, na niliona uso wake. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwahi kuogopa kwamba nitakufa njaa Mbeya. Mwanawe hayupo, mjukuu hayupo. Mtu pekee anayejua Zakayo alivyokoroma, alivyokunja shati, ni mimi, na mimi nilikuwa nimesafiri mikoa mitatu kuja kumwonyesha kwamba simhitaji. Nililia mbele yake, naye akaniacha nilie.

Kesho yake tulikwenda shambani kuchuma nyanya. Hakunitazama alipozungumza.

"Nitawaambia wadogo zake wakuache. Baki kwako."

"Asante, mama."

Alichuma kidogo, akaweka kwenye ndoo.

"Na mimi nikija huko, nitalala wapi?"

 Chumba cha pili nilikijaza vitambaa.

"Nitakutafutia mahali, mama."

"Tafuta," alisema.

Kurudi nilipanda basi, baiskeli ikiwa kwenye buti, na ndoo ya nyanya miguuni. Milima niliyoisukuma kwa jasho ilipita dirishani nikiwa nasinzia. Watu huniuliza sasa, wanaotaka kusafiri hivi, wabebe nini. Nawaambia viraka, pampu, khanga mbili, na glavu wasisahau. Hema nalo wabebe, ila wasikimbilie kulisimamisha penye nyumba ya mtu. Hilo la mwisho wengi hawalielewi, nami sina namna ya kulifupisha.

Vitambaa nilivihamishia chumba cha kazi, nikanunua kitanda. Baada ya mavuno mama mkwe alishuka stendi ya Mbeya na ndoo yake ya nyanya. Nilimzunguka nikitafuta begi, sikuliona. Hakuwa na shuka, hakuwa na kandambili, hata mswaki hakubeba.

"Mama, vitu vyako viko wapi?"

Alinishangaa.

"Si viko kwako?"

Nikapokea ndoo, nikamwambia, vipo.